Mkutano wa mwaloni au kikao cha watu wanane?

Ukitaka waanika dagaa wa Kibirizi, mwalo (ufuko wa kushushia samaki) wa Kigoma, waache mchanga wahamie kwenye chanja (meza za kuanikia za miti na nyavu), una njia mbili.

Mkutano wa hadhara ni rahisi: kipaza sauti, saa moja, watu mia wamesikia. Unafaa kutangaza tarehe au bei. Kubadili mazoea ni habari nyingine. Watu hupiga makofi, kesho dagaa wako mchangani palepale, maana kila mmoja anamtazama jirani, na jirani hajahama.

Kikao cha watu sita hadi kumi hula muda, lakini ndicho kinachobadilisha. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Kurt Lewin alieleza majaribio aliyofanya Marekani kwa akina mama kuhusu kupika moyo, figo na nyama nyingine za ndani. Waliohutubiwa tu, 3% walipika aina wasiyowahi kupika. Waliojadiliana kisha wakaamua kwa kunyoosha mikono, 32%.

Anza na vikwazo vyao (miti, nyavu, nafasi), si faida zako. Tajiri wa mwalo asiseme kwanza. Akipinga, wengine hunywea. Mwanasaikolojia Solomon Asch, miaka ya 1950, alionyesha kwamba mtu mmoja tu akienda kinyume na kundi, mwenzake hupata ujasiri wa kutofuata mkumbo. Basi mketishe hapo mwanika mmoja mwenye chanja tayari.

Kabla ya kutawanyika, kila mtu ataje mbele ya wenzake siku atakayoanza. "Tutajaribu" haihesabiki.