Mkeka au mkoba?

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini ile ya mikate na sukari bado imejaa majumbani. Tukiikata tepe za kusukia, tutoe sadaka gani: mkeka au mkoba?

Mkoba ni kazi ya siku chache kwa sindano ya kroshia, na ukiuzika, fedha zinakwenda kwa mayatima. Ila ukishabebea samaki wa soko la Darajani, harufu haitoki ng'o.

Mkeka una kazi ngumu. Unasuka ukili kwanza, yaani ukanda mrefu, kama ule wa miyaa ya mkindu, kisha unaunga kwa sindano. Plastiki inateleza vidoleni. Ukilegeza tu, unafumuka. Lakini mzee anayelala sakafuni hapati unyevu, na uji ukimwagika unafutwa kwa kitambaa.

Mimi nasuka mkeka. Bibi ananicheka: wako huo, mjukuu wangu, cheche moja ya jiko tu, tundu!