Makoo sita ya The Simpsons: nimeisikiliza wiki mbili bila picha

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sina simu ya kufungua boksi. Runinga yangu kioo kimekufa, sauti imebaki. Fundi kanitajia bei ya kioo, nikamwambia tuonane mwisho wa mwezi. Basi kwa wiki mbili nimekuwa naisikiliza The Simpsons kama redio, na nikajikuta nawajua wote kwa sauti tu: huyu Homer, huyu Moe, huyu mzee Burns. Kwa hiyo leo tunachambua makoo. Yako sita.

Kwa asiyeijua, ni katuni ya vichekesho ya Marekani kuhusu familia: baba Homer, mama Marge, na watoto wao, wakiwemo Bart na Lisa. Ilianza 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha Tracey Ullman, ikapewa nusu saa yake kwenye kituo cha runinga cha Fox Desemba 1989, na bado inatengenezwa. Waigizaji wakuu wa sauti ni walewale sita: Dan Castellaneta, Julie Kavner, Nancy Cartwright, Yeardley Smith, Hank Azaria na Harry Shearer.

Sasa kabla hujasema "ah, kusoma maneno tu, hata mimi naweza", ngoja. Sisi tumezoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, ambapo picha imeshakuja na mtu wa sauti anaikimbiza midomo. Hapa ni kinyume. Sauti inarekodiwa kwanza, mchoraji anafuata. Mwigizaji akikwama katikati ya neno, akavuta pumzi, akacheka vibaya, ni juu ya mchoraji kuhangaika na huo mdomo. Ndiyo maana hata bila kioo mimi sikupotea.

Fanyeni jaribio moja. Tafuteni sehemu yoyote ambayo Burns, mwenye kiwanda, anaongea na msaidizi wake Smithers, halafu fumbeni macho. Mmoja mzee, sauti kavu, kila neno analitema kama mbegu ya ndimu. Mwingine laini, mnyenyekevu, anamuwahi bosi kabla hajamaliza sentensi. Wanakatizana vizuri kabisa. Wote wawili ni Harry Shearer! Toka hapo kiwandani nenda kwa jirani Ned Flanders, nenda shuleni kwa mwalimu mkuu Skinner, Jumapili ingia kanisani kwa mchungaji Lovejoy: ni yeye tena. Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunamkumbuka yule mtafsiri aliyekuwa shujaa, jambazi na mama mkwe kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba kwa Shearer huoni mshono.

Azaria naye ana kundi lake. Moe mwenye baa alianza kama mwigo wa mwigizaji wa filamu Al Pacino, akaongezewa mikwaruzo. Mkuu wa polisi Wiggum ametokana na mwigizaji wa zamani Edward G. Robinson. Azaria ni fundi, sikatai. Ila nikiambiwa nichague mmoja, nampa Castellaneta. Homer wa vile vipande vya mwanzo alikuwa mwigo wa mwigizaji Walter Matthau, mzito, wa chini, na sauti ile ilikuwa ngumu kuibeba saa nyingi studio, kwa hiyo akaipandisha mpaka tukapata huyu Homer tunayemjua. Na ule mlio wake wa "D'oh!" haukuandikwa kama neno. Kwenye hati ilikuwa mguno wa kuudhika tu. Castellaneta akaukopa kwa James Finlayson wa zile filamu za zamani za vichekesho za Laurel na Hardy, ambaye alikuwa anauvuta mrefu, kisha akaambiwa aufupishe. Mwaka 2001 ukaingia kwenye kamusi ya Oxford. Mguno!

Hawa wawili wa watoto wananifurahisha. Nancy Cartwright alikwenda kufanyiwa majaribio ya Lisa, akaona maelezo ya Bart, akaomba asome Bart, akapewa kazi palepale. Yeardley Smith alijaribiwa Bart, sauti ikaonekana ya kike mno, akapewa Lisa. Na karibu kazi yake yote ni huyo Lisa mmoja. Wengine wana wahusika kadhaa, yeye mmoja. Anapunja? Sikilizeni kipindi cha mwaka 1991 chenye mwalimu wa muda (sauti ya Dustin Hoffman, aliyejiita Sam Etic kwenye majina ya mwisho). Lisa anamwita baba yake nyani. Analirudia neno, na kila likirudi koo linabana zaidi, mpaka unasikia mtoto anayejua ameshavuka mpaka lakini hawezi kusimama. Hapo nilizima runinga kwanza.

Kasoro zipo. Apu, mwenye duka Mhindi, alisemwa miaka yote na Azaria, ambaye si Mhindi, na malalamiko yalipozidi akaacha mwaka 2020. Mwaka huohuo watayarishaji wakaamua wazungu wasiwasemee tena wahusika wasio wazungu. Daktari Hibbert akahamia kwa Kevin Michael Richardson mwaka 2021, na mimi namkubali. Ilichelewa, hilo ndilo tatizo langu.

Bei? Mpaka 1998 wakuu walilipwa dola 30,000 kwa kipindi. Wakavutana na Fox kuhusu malipo, ikapanda mpaka 125,000. Baadaye ilipaa zaidi ya hapo. Sina la kuongeza, wengine tuna vioo vya kununua.

Kitu kinachoniuma ni umri. Marcia Wallace, sauti ya mwalimu Krabappel, alifariki 2013, na mhusika wake akastaafishwa naye. Walifanya vizuri, mwigaji angeharibu. Ila waliobaki wanazeeka kazini. Bart bado ana miaka kumi, Cartwright amezaliwa 1957. Julie Kavner amezaliwa 1950, na Marge wake alikuwa na mikwaruzo tangu zamani. Sasa weka kipindi cha mwaka 1992, kisha weka kipya. Ule mguno wake wa kutoridhika, mmmmh, zamani ulikuwa wa mama aliyekukuta na biskuti. Siku hizi ni wa bibi anayeinuka kwenye kiti.

Alama zangu: misimu kumi ya mwanzo, tisa juu ya kumi. Mipya, saba. Jana fundi kanipigia, kioo kimepatikana. Marge nimemkuta nywele za bluu ziko vilevile wima, hana hata kunyanzi.