TAHADHARI: Tapeli wa "vipandikizi vifupi" vya meno anayedai hahitaji picha ya taya

Wakuu, kuna jamaa anazunguka mitandaoni hapa Dar akinadi vipandikizi vifupi vya meno, yaani vile vipande vya titani vinavyozamishwa kwenye mfupa wa taya ili vibebe jino la bandia. Anajiita daktari bingwa, ana video ya mzee anayetafuna muhindi wa kuchoma, na anaowawinda hasa ni watu wazima waliokaa miaka mingi bila magego. Kama nyumbani una mama, baba au shangazi anayeulizia meno ya kudumu, msomee hii kabla hajatuma hela.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno. Sitibu mtu, natengeneza meno ambayo madaktari wanakwenda kuyafunga. Habari za huyu bwana nilizipata kwa jirani yetu, mama mtu mzima, aliyekuja na gego lililochomoka kalifunga kwenye tishu, eti nimkazie. Jino lilitoka na skrubu yake ya kuunganishia, kipande cha titani kikabaki ndani ya taya. Nikamuuliza, "Mama, ni cha kampuni gani?" Hajui. Kadi hakupewa. Anachokumbuka ni kwamba jamaa alikitoa kwenye kimfuko cha plastiki kama anatoa kifungo cha shati.

Hapo ndipo nilipojua amelizwa. Kipandikizi halali huja kimefungwa peke yake kwenye kichupa kisafi kisicho na vijidudu, chenye lebo ya kampuni, kipimo na namba ya toleo. Lebo hiyo hubandikwa kwenye faili lako na kwenye kadi unayokwenda nayo nyumbani. Tena kampuni nyingi zina umbo lao la tundu na bisibisi yao. Usipojua kilichomo mdomoni mwako ni cha nani, siku skrubu ikilegea hata daktari mzuri atahangaika.

Tulimpeleka kwa daktari wa meno anayetambulika. Picha ikaonyesha ncha ya kipandikizi imeingia kwenye mfereji wa neva ya taya la chini. Kumbe ndiyo sababu mdomo wake wa chini ulikuwa umekufa ganzi upande mmoja tangu siku ile, na kila akimpigia jamaa anaambiwa "sindano haijaisha nguvu, mama, vumilia." Kipandikizi kimetolewa. Ganzi bado ipo.

Mtego wenyewe uko hivi. Unatuma picha ya kinywa uliyopiga kwa simu. Anajibu haraka kwamba mfupa wako umeisha, hospitali watakupandikiza mfupa na utasubiri mwaka, lakini yeye anavyo vifupi vya Ulaya, milimita 6, unaondoka na meno siku hiyohiyo. Halafu ofa inaisha leo usiku, tuma utangulizi. Namba ya kutumia ni ya simu yenye jina la mtu, wala si lipa namba ya kliniki. Mahali unaelekezwa asubuhi ya miadi: jirani yangu alipelekwa chumba cha juu ya duka, mteja mwingine niliyeongea naye alipelekwa gesti.

Ubaya ni kwamba uongo wake ameushonea kwenye ukweli. Vipandikizi vifupi vipo kweli, na ni tiba nzuri. Kwa kawaida tunaita kifupi kile cha milimita 8 kushuka chini, wakati vya kawaida ni kama 10 na zaidi. Ukikaa muda mrefu bila magego, mfupa wa taya hupungua. Juu unakaribia sainasi, yaani uwazi wa hewa ulio juu ya magego, chini unakaribia ule mfereji wa neva. Zamani njia ilikuwa kuinua sakafu ya sainasi au kuongeza mfupa kwanza: upasuaji zaidi, muda zaidi, gharama zaidi. Kifupi kinaweza kukuepusha na hayo, na kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri matokeo ya miaka ya mwanzo yanakaribiana na ya kirefu.

Lakini sikilizeni hesabu yake. Juu ya neva daktari huacha nafasi ya usalama, kwa kawaida milimita 2. Mwenye mfupa wa milimita 8 juu ya mfereji anabaki na 6 za kufanyia kazi. Hizo 8 utazijuaje kwa picha ya simu? Kifupi ndicho kinachodai kipimo makini zaidi, ikiwezekana picha ya CT ya taya (eksirei inayoonyesha mfupa pande zote tatu), kwa sababu kinawekwa pale ambapo nafasi ni ndogo. Na mfupa ukiliwa milimita 2 baadaye, kwa kipandikizi cha 12 ni sehemu moja ya sita, kwa cha 6 ni theluthi nzima imekwenda.

Kuhusu meno ya siku hiyohiyo: yapo mazingira ambayo daktari hufunga jino la muda mapema, baada ya kupima jinsi kipandikizi kilivyoshika. Ila gego la nyuma juu ya kifupi kwa kawaida husubiri miezi 3 hadi 6 mfupa ushikane na titani. Na daktari wa kweli atakuuliza kwanza kuhusu kisukari, sigara, kusaga meno usiku na dawa za mifupa unazotumia. Huyu alimuuliza jirani yangu swali moja tu: hela imeshaingia?

Kabla ya kulipa, omba jina kamili la daktari na namba yake ya usajili, uliza Baraza la Madaktari Tanganyika kama yumo. Mlioko Kenya, ulizeni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la huko. Daktari mwenye leseni hakasiriki akiulizwa. Namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kupitia 15040, na kama umeshalipa, usifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo.

Ukurasa wake ameshaubadilisha jina, video ya mzee na muhindi ni ileile. Jirani yangu ameshafungua jalada polisi. Kama nawe umepitia mikononi mwake na ujumbe wa muamala unao, nitumie ujumbe wa faragha tuunganishe ushahidi. Na kama mdomo una ganzi au jino linacheza, nenda kwa daktari wa meno leo, mambo ya polisi yatafuata.