Kabla hujanunua saa ya RTC, tazama ile rezista

Nilifungua kasha la kifaa changu cha kurekodi joto nikakuta betri ya saa imetuna mgongo, imejinyanyua kwenye kishikio chake, na pembeni kuna utandu mweupe. Moduli ya saa, ile bodi ndogo inayobeba chipu na betri, haikuwa imemaliza hata mwaka. Muuzaji nilipompelekea picha alinijibu kwamba betri si yake, niliweka mwenyewe. Hilo kweli. Ila moduli iliyoiua betri ni yake.

Tuanze na swali mnaloniandikia kila mara: kompyuta ndogo inahitaji kweli saa yake ya maunzi, yaani RTC, chipu inayotunza saa kwa betri hata umeme ukikatika? Kama imeunganishwa na intaneti muda wote, hapana, NTP, njia ya kupata saa kupitia mtandao, itakupa saa sekunde chache baada ya kuwaka. Shida ni pale mtandao unapokosekana. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Mfumo wake wa kawaida ulitegemea programu ya fake-hwclock, ambayo huandika saa ya mwisho kwenye kadi, halafu ikiwaka inaendelea kutoka hapohapo. Umeme ukikatika saa nne usiku ukarudi alfajiri, rekodi zako zitasomeka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna pengo, hakuna onyo. Mimi nilikaa wiki tatu nikichora grafu ya joto iliyokosa usiku mzima bila kujua. Afadhali ingeniandikia mwaka 1970, ningeshtuka! Na saa ikirudi nyuma sana, hata tovuti salama zitakataa kufunguka, maana cheti kitaonekana bado hakijaanza kutumika.

Basi unaihitaji. Unanunua ipi?

Wengi wataanza na usahihi. Mimi naanza na betri, kwa sababu usahihi wa saa iliyokufa ni sifuri.

Ile moduli ya bluu iliyojaa kila mahali, yenye maandishi ZS-042, ina chipu nzuri ya DS3231. Igeuze uitazame kwa karibu. Utaona rezista ndogo iliyoandikwa 201, yaani omu 200, na jirani yake dayodi ndogo ya kioo yenye rangi ya chungwa. Hizo mbili zinapeleka umeme kutoka kwenye pini ya VCC, inayoingiza umeme kwenye moduli, moja kwa moja hadi kwenye betri. Ni njia ya kuchaji, imewekwa kwa ajili ya LIR2032, betri inayochajika. Watu tunaweka CR2032, kwa sababu ndiyo inayopatikana na umbo ni lilelile. CR2032 haichajiki. Ukiilazimisha inavimba, inavuja. Na hata ukiweka LIR2032 yenyewe hujapona: ukiwasha moduli kwa volti 5, betri inasukumwa kupita volti 4.2 ambazo ndizo kikomo chake. Yaani saketi hii imekosea kwa betri zote mbili. Kwa volti 3.3 hatari inapungua sana, kwa hiyo kama tayari unayo, iwashe kwa 3.3, au gusa rezista hiyo kwa chuma cha solda uing'oe. Kazi ya dakika moja. DS3231 haitajali, na CR2032 itaishi miaka.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi upendeleo.

Namba moja ni bodi ya DS3231 ya kampuni ya Adafruit. Inatumia betri ya CR1220 na haina mchezo wa kuichaji. Chipu yenyewe inapima joto na kujirekebisha. Kati ya nyuzi 0 na 40 inakosea sehemu 2 kwa milioni, ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Nina mbili, sijawahi kuzigusa tena.

Namba mbili, ukiwa unanunua kompyuta mpya kabisa, ni Raspberry Pi 5. RTC imo ndani, ina soketi yake ya betri, na betri rasmi ni ya kuchajika. Nilichokipenda ni kwamba kuchaji kumezimwa hadi wewe mwenyewe ukuwashe kwenye mipangilio. Kumbe kuna mtu aliyewahi kufikiria jambo hili! Betri inauzwa pembeni, lakini.

Namba tatu ni chipu ya RV-3028 ya kampuni ya Micro Crystal, kwa kifaa kinachoishi kwa betri tu. Inakunywa nanoampea 45, karibu hakuna. Hairekebishi kwa joto, kwa hiyo usiiache juani.

Chipu ya PCF8523 ni ya bei nafuu na inafanya kazi, ila inaweza kupotea sekunde kama mbili kwa siku. DS1307 iache. Inataka volti 5, na moduli zake nyingi zinavuta laini za I2C, waya mbili za mawasiliano na kompyuta, hadi 5 wakati pini za Pi ni za 3.3.

Jambo dogo kabla sijasahau: DS3231 na DS1307 zote zinakaa kwenye anwani 0x68 ya I2C, sawa na kihisi cha mwendo cha MPU6050. Ukivitumia pamoja, unganisha pini ya AD0 ya kihisi na volti 3.3 kihamie 0x69.

Sasa wauzaji. Picha inaonyesha betri, kifurushi kinafika kishikio kitupu. Tangazo linasema DS3231, hawakwambii ni toleo la SN au M, na M inakosea sehemu 5 kwa milioni badala ya 2. Mara ya mwisho niliuliza mapema, kwa adabu zote, kabla ya kulipa: chipu imeandikwaje juu yake? Nikajibiwa kwa picha ileile ya kwenye tangazo, maandishi ya chipu yamefifishwa.