Kangaga la kiota au la Boston: lipi likae ndani?

Yote mawili ni mimea ya misitu ya joto, lakini nyumbani hayalingani. La Boston, aina iliyojulikana Marekani mwaka 1894, lina majani mororo yanayoning'inia. Hewa ikikauka kidogo tu, linapukutisha vijani sakafuni, na kazi ya kufagia haiishi. La kiota (Asplenium nidus), linaloota pia juu ya miti Afrika Mashariki, lina majani mapana yasiyogawanyika na ni vumilivu zaidi. Ila limwagilie pembeni, kwenye udongo: maji yakituama katikati, pale machipukizi yanapochomoza, machipukizi hayo yanaoza. Jua kali huyaunguza yote.

Sebule ina kiyoyozi, kinachokausha hewa? Nachagua la kiota bila kusita. La Boston liweke bafuni, penye dirisha.