Mashine ya maziwa ya mtaani: tazama kipimajoto kabla ya bei

Mashine za kuuza maziwa kwa kipimo, ambazo wengi nchini Kenya huziita ATM za maziwa, husifiwa hasa kwa unafuu wa bei. Lakini kilichonifanya niwe mteja wa duka moja hapa Nakuru ni kioo kidogo kilicho juu ya bomba, kinachoonyesha nyuzijoto za maziwa yaliyomo tangini. Kila ninapokitazama huonyesha nyuzi 3 au 4 za sentigredi.

Maziwa humtoka ng'ombe yakiwa na joto la karibu nyuzi 38, ambalo bakteria wengi hustawi nalo: E. koli, kwa mfano, wakiwa na chakula cha kutosha katika nyuzi 37, huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kuyapasha hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua viini vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa brusela, ila spora (chembe zenye ganda gumu linalostahimili joto) za bakteria wa jamii ya Bacillus husalimika, na bakteria wengine huingia baadaye kupitia mitungi na mipira michafu ya kupitishia maziwa. Ubaridi hauwaui hao, huwachelewesha tu. Kwa hiyo muuzaji anayeulizwa kama maziwa yake ni salama, akajibu tu kwamba yamechemshwa, amejibu nusu ya swali.

Niliyoyanunua hapa hukaa siku mbili katika friji bila kubadilika ladha, wala hayakatiki yanapochemshwa. Kasoro ninayoiona iko kwenye bomba lenyewe, kwa kuwa maziwa yanayobaki mdomoni mwake yako nje ya ubaridi wa tangi na kioo hakiyapimi. Ningependa mhudumu amwage kiasi kidogo kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza wa asubuhi. Umeme unapokatika, jambo tulilolizoea, hakuna kumbukumbu inayoonyesha nyuzi zilipanda hadi ngapi, na kioo kikisharudi kwenye 4 mteja hana la kujua.

Duka huuza pia mala, yaani maziwa yaliyochachushwa, ambayo hutengenezwa kwa kuyaacha maziwa yaliyotiwa kimea (bakteria wa kuanzishia uchachu) katika joto la chumba, ili bakteria hao, wanaotoa asidi ya laktiki, wafanye kazi haraka, kisha hurudishwa baridini yasizidi kuchachuka. Ni nzito, haina maji yaliyojitenga, na kwa maoni yangu inayashinda maziwa yenyewe.