Uzoefu wangu wa kulipia kisimbuzi kwa ajili ya raga ya saba, msimu wa 2024/25, nikiwa Mbeya

Kwa anayejiuliza kama kuna haja ya kulipia kifurushi cha juu ili aone mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba: haja ipo, ila si kwa msimu mzima. Naishi Uyole, natumia kisimbuzi cha dishi, na msimu wa 2024/25 nimeufuata kutoka Dubai mpaka Los Angeles. Jina la kampuni naliacha, maana ninayoeleza yanamhusu yeyote mwenye dishi juu ya bati huku Nyanda za Juu Kusini.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wasioujua. Uwanja ni ule ule wa raga ya watu 15, lakini kila timu ina watu 7, na kila kipindi ni dakika 7. Eneo ni kubwa na watu ni wachache, hivyo beki mmoja akipitwa, basi tena, mtu anakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni alama 5, na mkwaju unaofuata ni alama 2, ila mpigaji lazima audundishe mpira chini kwanza. Timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha tena mpira. Hapo ndipo mimi nakodoa macho, kwa sababu ikiupiga juu na mchezaji wake akaruka akaudaka, wapinzani wanaweza wakafungwa trai mbili bila kuugusa mpira. Kadi ya njano inamtoa mtu kwa dakika 2. Katika mechi ya dakika 14, hizo ni nyingi mno.

Kwa hiyo ni mchezo ambao hauvumilii picha kukatika hata kidogo. Mpira wa miguu ukikatika dakika moja, mara nyingi ukirudi unakuta bado 0–0. Huku ukirudi unakuta matokeo mengine.

Na msimu ule ulianza mwishoni mwa Novemba na kuisha mwanzoni mwa Mei. Mtu wa Mbeya akisikia miezi hiyo anajua ni masika yetu yote. Wingu likishuka mlima Loleza mchana, najua jioni sina televisheni. Picha inaanza kukwama, inakatika vipande vipande vya mraba, sauti inakwaruza, halafu kioo kinakuwa cheusi na maandishi ya kutafuta mawimbi. Siku ya fainali ya Dubai, Fiji na Hispania, mvua ilinyesha kwa vipindi, na nilichoambulia ni nusu ya mbio za Mfiji mmoja pembeni ya uwanja, kisha giza. Picha iliporudi watu walikuwa wanapeana mikono. Fiji ilishinda 19–5. Hispania kufika fainali ile ilikuwa habari kubwa, na ndiyo mechi niliyoitamani kuliko zote siku hiyo.

Niliita fundi wa mtaani. Akanieleza vizuri kuliko huduma kwa wateja walivyowahi kunieleza: mawimbi ya dishi yanamezwa na matone ya mvua njiani, na dishi dogo halina akiba ya nguvu. Akanishauri nitoe la sentimita 60 nifunge la 90, na abadilishe ile waya iliyokuwa imepauka kwa jua na kupasuka ganda. Tangu hapo mvua ya kawaida haikati picha. Ile ya radi na mawe bado inakata, lakini inarudi upesi. Kama unafunga dishi jipya mkoa wa Mbeya, Njombe au kule Tukuyu ambako mvua haijui likizo, anza na kubwa moja kwa moja. Ni gharama ya mara moja.

Sasa malipo. Msimu ule ulikuwa na mashindano saba, na ukiangalia tarehe utaona wapi pesa inafanya kazi na wapi inalala. Dubai ilianza 30 Novemba na Cape Town ikafuata 7 na 8 Desemba, kwa hiyo malipo ya mwezi mmoja yanakupa mashindano mawili, tena kwa saa nzuri, kwani Dubai wametutangulia saa moja na Cape Town wako nyuma yetu saa moja. Hong Kong ilikuwa 28 hadi 30 Machi katika uwanja mpya wa Kai Tak, na Singapore ikafuata 5 na 6 Aprili. Huko nako mwezi mmoja, mashindano mawili. Wao wametutangulia saa tano, hivyo fainali zao zinatukuta mchana au alasiri.

Lakini Perth peke yake Januari, na Vancouver peke yake Februari? Vancouver tumewatangulia saa kumi na moja. Fainali yao ya Jumapili jioni kwetu ni Jumatatu alfajiri, na saa hizo Mbeya baridi inapenya blanketi na asubuhi kazi inakusubiri. Kulipia mwezi mzima wa kifurushi cha juu kwa wikendi moja kama hiyo ni kuonea mfuko wako. Kasoro nyingine ni kwamba ukilipa tarehe 28 Machi, siku 30 zinaisha kabla ya Los Angeles, iliyochezwa 3 na 4 Mei. Kampuni ikiweka malipo ya wiki moja kwa chaneli za michezo tu, mimi wa kwanza kulipa.

Kwa miezi ile ya katikati nilitumia simu na bando. Mechi moja kwa picha ya ubora wa kati hainili sana, kama robo ya GB, kwa sababu ni fupi. Nilichagua nusu fainali na fainali tu. Hivyo ndivyo nilivyoiona Argentina ikichukua Perth na Vancouver, kisha ikaongeza Hong Kong, mashindano matatu mfululizo. Mtandao Uyole usiku unakwenda vizuri, mchana ndio unachechemea.

Upande wa vipindi, nina malalamiko mawili ya kweli. Ratiba ya kwenye kisimbuzi haikutofautisha mechi za moja kwa moja na marudio, na mara kadhaa chaneli ilihamishwa katikati ya robo fainali bila tangazo. La pili ni lugha. Mpira wa miguu una watangazaji wa Kiswahili, wazuri kabisa. Raga hakuna. Mama yangu mdogo alikaa nami siku ya Cape Town, akawa ananiuliza kila filimbi, "Mwanangu, sasa hapo wamekosa nini?" Angepata mtangazaji wa kumweleza, angekuwa mteja wao leo. Hata hivyo alishangilia Afrika Kusini walipoifunga Ufaransa 26–14 nyumbani kwao.

Umeme ukikatika nakimbilia banda la mpira. Kiingilio kidogo, watu wengi, na mwenye banda ni mzee muungwana, lakini Ligi Kuu ya Uingereza ikiwepo usimguse. "Shikamoo mzee, tuwekee raga dakika kumi na tano tu." "Marahaba. Kijana wangu, subiri mapumziko." Mapumziko ya mpira wa miguu ni dakika 15, na mechi ya raga ya saba ni 14 za kucheza. Inakaribia kuenea.

Jumapili ya Singapore sikuhitaji banda. Umeme ulikuwepo, mbingu safi, picha kama maji. Kenya waliingia fainali dhidi ya Fiji, uwanja ule ule walikochukulia ubingwa mwaka 2016 kwa kuichapa Fiji 30–7, siku ambayo marehemu Benjamin Ayimba alikuwa kocha na Andrew Amonde nahodha. Huo ndio uliokuwa ubingwa pekee wa Kenya katika mashindano haya mpaka siku ile. Mwaka 2023 walishushwa daraja, 2024 wakapanda tena, na sasa hawa hapa fainali. Sebule yangu ilijaa majirani ambao wengine hawakuwahi kuona mpira wa umbo la yai. Wakenya walipofunga trai, nyumba nzima ilisimama. Fiji walishinda 21–12, na hakuna aliyeondoka kabla ya wachezaji kuvishwa medali.

Los Angeles nilifuata kwa bando, alfajiri: Afrika Kusini 19, Hispania 12. Kenya hawakuwa kati ya timu 8 zilizogombea ubingwa.

Kwa huduma yenyewe naipa tatu kati ya tano. Picha ni nzuri ukiwa na dishi kubwa, na lipia siku yenyewe ya mechi ya kwanza, asubuhi, kisimbuzi kikiwa kimewashwa. Ukilipa kikiwa kimezimwa, chaneli zinaweza kuchelewa kufunguka, na huduma kwa wateja wikendi inakusikilizisha muziki mpaka kipindi cha kwanza kiishe.